Ritifaa ya Maziwang'ombe

Jumatatu hiyo nilikuwa mkahawani hapa Chake Chake, chapati mbili na bakuli la supu ya pweza mbele yangu, simu ikalia. Mkubwa wangu wa Unguja. Huyu bwana kwa kawaida hana pupa: ataulizia watoto, ataulizia mvua, ataulizia bei ya samaki, ndipo aingie kwenye lake. Siku hiyo aliyaruka yote.

"Maalim, Maziwang'ombe kumefikwa na nini?"

Nikashtuka. Nikadhani chombo kimezama, au kuna msiba. Kumbe mwenzangu yuko mezani kwake, amefungua dashibodi, na kwenye ramani ya Wilaya ya Micheweni duara la Maziwang'ombe halipo. Kilo sifuri za mwani. Wiki ya tatu mfululizo.

"Itakuwa mtandao," nikamwambia, nikaendelea kumega chapati.

Jawabu hilo sote tunaofanya kazi za takwimu visiwani tunalo mdomoni, limeiva tayari. Umeme, mtandao, sistimu iko chini. Wala si uongo kila siku. Mwenye kuikumbuka Unguja ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, hawezi kumcheka mtu anayeanza kwa kuulaumu waya. Lakini katika miaka yangu ya kuunganisha majedwali ya Excel na Power BI, programu ya kuchora ripoti, mara ambazo waya ndio uliokuwa na kosa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki, kosa lilikuwa limeshasema zamani, na kuna mtu alikuwa ameliziba mdomo. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Tunavyofanya ni hivi. Mimi naweka hesabu za mnunuzi mmoja wa mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, likavuka hadi kwetu Pemba, na wakulima wake wengi ni kina mama. Kila kituo kina karani, mizani na laptopu iliyokwishachoka. Karani anajaza Excel: tarehe, shehia (yaani mtaa au kijiji), namba ya mkulima, aina ya mwani, yaani spinosum au cottonii, na kilo. Mafaili yanatua kwenye folda moja. Power Query, chombo cha kusafisha data ndani ya Power BI, inayasoma yote na kuyashona yawe jedwali moja refu, Power BI inalioanisha jedwali hilo na orodha ya shehia ili kila kilo ijue wilaya yake, kisha picha zinachorwa. Halafu safari inarudi ilikotoka, maana mkubwa hapendi picha, anapenda Excel. Ana faili lake la pivoti, yaani jedwali la muhtasari, huko Unguja linalovuta namba kutoka humo humo Power BI. Excel kwenda, Excel kurudi, na katikati kuna mimi.

Niliporudi ofisini nikafungua kwanza historia ya kurifreshi, yaani kuvuta data upya. Tiki za kijani kutoka juu mpaka chini, kila alfajiri, hakuna hata siku moja iliyoshindwa. Basi mtandao umeshatoka kwenye kesi. Tiki ile inawapumbaza wengi. Inakwambia kwamba mota ya maji imewaka na imezima salama. Haikwambii kama tangi limejaa.

Jambo la pili nililoliangalia halimo kwenye kompyuta: mwezi. Kina mama huingia shambani siku za bamvu, maji yanapokupwa mpaka kamba zikabaki nje. Siku za maji mafu hakuna anayevuna, na mizani inakaa tu. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza siku mbili nzima nikitafuta hitilafu ya sifuri ambayo ilikuwa sifuri ya haki. Karani mmoja mtu mzima ndiye aliyenionea huruma akanambia, "Maalim, hesabu mwezi kwanza, kisha hesabu kompyuta." Tangu hapo nina safu ya tarehe za mwezi mwandamo pembeni ya kalenda yangu. Lakini wiki tatu haziwezi kupita bila bamvu. Sifuri hii haikuwa ya bahari.

Nikampigia karani wa kituo.

"Hamjapima, Bi Karani?"

"Tumepima, Maalim! Magunia yamefika mpaka mlangoni, gari ndiyo haijaja. Faili si nimekuletea tangu Alkhamisi?"

Kweli, lilikuwepo. Nikalifungua: kilo zimo, tarehe zimo, namba za wakulima zimo, na kila mstari umeandikwa Maziwang'ombe kwa ukamilifu wake. Nikafungua orodha yangu ya shehia, nayo imeandikwa Maziwang'ombe. Nikachukua jina lake na jina langu, nikayaweka seli juu ya seli.

Maziwang'ombe

Maziwang’ombe

Yaangalie tena. Mimi niliyaangalia kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Nikayapima urefu kwa LEN, yote herufi 13, kwa hiyo hakuna nafasi iliyojificha mwishoni, ambayo ndiyo mshukiwa wangu wa kila siku. Nikayalinganisha kwa EXACT, ikasema si sawa. Basi kuna herufi moja kati ya 13 inajifanya mwenzake. Nikaanza kuziuliza moja moja kwa fomyula ya UNICODE, na ilipofika ya tisa, =UNICODE(MID(A2,9,1)), la kwangu likajibu 39 na la kwake likajibu 8217.

Ritifaa. Kale kadoa kanakotenganisha ng'ombe na ngombe, ng'ambo na ngambo. Kwetu si pambo. Ni sauti, na mtoto wa skuli hukatwa maksi akikasahau. Kwa kompyuta, hata hivyo, kuna ritifaa iliyosimama wima na kuna ritifaa iliyopinda, na hizo ni herufi mbili zisizojuana hata kwa salamu. Ukiandika ndani ya Excel inabaki wima. Ukiandika ndani ya Word, programu inaipinda yenyewe bila kukuuliza, kwa kuwa inadhani unafungua na kufunga nukuu. Baadhi ya simu nazo hufanya hivyo hivyo.

Na Word imeingiaje kituoni Maziwang'ombe? Kwa mkono wangu. Wiki tatu nyuma niliwatumia makarani orodha mpya ya wakulima, nimeichapa Word ili itoke vizuri kwenye karatasi. Bi Karani, mtu mtiifu na mwenye akili, akaona kuna haja gani ya kuchapa jina upya kila mara, akalinakili kutoka kwenye karatasi yangu na kulibandika kwenye jedwali lake. Wallahi angekuwa mvivu au mbishi zaidi, tusingepata tatizo.

Ningeishia hapa mkasema kosa ni la Word. Ngoja niwape lililobaki, nisilopenda kulisimulia.

Zile kilo zilikuwa wapi wiki zote hizo? Hazikupotea. Power BI ikikuta mstari ambao jina lake halina mwenzake kwenye orodha, haiutupi. Inautengea mstari mtupu, usio na jina, na kilo zote zisizo na kwao inazirundika humo. Mstari ule ndio mlio wa kengele. Miezi miwili kabla, mkubwa alikuwa ameuona na kilo chache ndani yake, akaniuliza, "Kitupu hiki nini? Kinaharibu sura." Nami badala ya kuuliza kilo zile ni za nani, nikabonyeza kichujio, nikaondoa tiki kwenye nafasi tupu, mstari ukaenda zake. Ripoti ikapendeza. Kwenye kadi ya jumla kuu kilo zilikuwemo, kwenye jedwali la wilaya na kwenye ramani hazikuwemo, na mtu angejumlisha wilaya kwa mkono angeiona tofauti. Nani anajumlisha kwa mkono siku hizi?

Nilipoondoa kile kichujio, Maziwang'ombe yote ikatoka pale, bamvu mbili kamili, imekaa kimya kwenye mstari usio na jina.

Tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye kazi zangu za zamani kama mtu anayetafuta panya darini, na nimekuta mahali pengi ambapo nimefanya vile vile kwa njia nyingine. Power Query ina amri ya kuondoa makosa. Kubonyeza mara moja tu, na kila mstari wenye kosa unafutika, jedwali linang'aa. Kwenye Excel mwenzake ni IFERROR yenye sifuri mwishoni, inayoandika sifuri palipo na kosa. Nilikuwa nazitumia zote mbili kama chumvi.

Mfano mmoja unatosha. Laptopu ya kituo kimoja iliharibika, ikaletwa nyingine iliyowekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele na siku nyuma. Karani akaandika tarehe kama alivyofunzwa skuli: 03/04, tarehe tatu mwezi wa nne. Excel ikaelewa Machi nne, haikusema kitu. Ilipofika 13/04, Excel ikatafuta mwezi wa kumi na tatu, haikuuona, ikaiacha tarehe ile kama maandishi tu. Ukitazama kwa makini unaona: tarehe za kweli zinakaa upande wa kulia wa seli, hizi za maandishi zimeegemea kushoto. Karani hakutazama, na kwa nini atazame? Yakaingia Power Query, yale maandishi yakakataa kugeuka tarehe, yakawa makosa, na hatua yangu ya kuondoa makosa ikayafagia. Kwa hiyo siku kumi na mbili za mwanzo zikatawanyika mwaka mzima, na kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi hakuna kitu. Ungeiona chati ungedhani kituo kinafanya kazi siku moja kila mwezi.

Dawa yake ni nyepesi: iambie Power Query izigeuze tarehe kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, na umwekee karani laptopu mpangilio huo huo. Zile zilizokwishapinduliwa ndizo zilizonitoa jasho. Fomyula haiwezi kujua ipi imepinduliwa na ipi ni sahihi, kwa kuwa ndani ya Excel tarehe ni namba tu. 15 Machi 2023, kwa mfano, ni 45000, na namba haikumbuki ilitaka kuwa nani. Tuliketi na daftari la mizani, mstari kwa mstari, siku mbili.

Kinyume chake, nayapenda makosa yanayopiga kelele. Siku karani mwingine alipobadilisha kichwa cha safu kutoka Kilo kikawa Uzito, Power Query ilisimama pale pale ikakataa katakata: safu ya Kilo haionekani. Dakika tano, kazi imekwisha. Folda ikiwa na faili lililofunguliwa na mtu, hutokea kifaili cha kivuli kinachoanza na ~$, nacho Power Query inajikwaa nacho na kusema wazi wazi. Unaweka kichujio cha majina hayo, yamekwisha. Mstari wa JUMLA ambao makarani hupenda kuuweka chini ya jedwali, huo haupigi kelele. Unaingia kama mkulima mmoja hodari kupita wote na kufanya kilo ziwe mara mbili. Kwa huo nimeshapigiwa simu za pongezi.

Waya nao niutendee haki. Kuna kipindi ripoti nzima ilisimama kwa zaidi ya wiki mbili. Mafaili yetu yakiwa kwenye kompyuta ya ofisi, Power BI iliyo mtandaoni haiwezi kuyafikia bila programu ndogo ya getiwei inayokaa hapo mlangoni, na getiwei inataka kompyuta iwe macho. Umeme ukakatika usiku, kompyuta ikazima, asubuhi hakuna aliyeiwasha kwa kuwa mwenye meza yake alikuwa ameacha kazi. Mara ya kwanza ikashindwa, ya pili, ya tatu. Ratiba ikishindwa mara nne mfululizo, Power BI huizima kabisa. Kwa hiyo hata tulipokuja kuiwasha kompyuta, hakuna kilichotokea, nasi tukakaa tunaulaumu mtandao ambao ulikuwa mzima. Barua za tahadhari zilitumwa zote nne. Zilikwenda kwa mwenye mali, yaani yule aliyeitengeneza ripoti mwanzo, aliyekwisha kwenda masomoni Dar es Salaam. Kosa lilipiga kelele kwenye nyumba isiyo na mtu. Siku hizi folda iko mtandaoni, getiwei hatuna haja nayo, na tahadhari zinakuja kwa watu wawili.

Sasa upande wa mkubwa, Excel ya kurudi. Pivoti inayounganishwa na Power BI si pivoti uliyoizoea. Ndani ya faili hamna jedwali la mistari. Kuna uzi mrefu unaokwenda kwenye data iliyo mbali, na kila ukiburuta kitu, swali linakwenda na jawabu linarudi. Mambo mawili yalimsumbua. La kwanza, alitaka kuburuta safu ya kilo kwenye hesabu ikakataa. Hiyo ni kwa sababu hesabu zilitakiwa ziandikwe mapema upande wa Power BI. Nilipoandika kipimo kimoja cha jumla ya kilo, akafurahi. La pili lilikuwa la aibu zaidi. Alilituma faili lile kwa WhatsApp kwa wenzake watatu kabla ya kikao. Wakafungua, namba zikaonekana, wakazijadili saa nzima. Zilikuwa namba za mwezi uliopita. Faili hubaki na picha ya mwisho iliyovutwa, na wao hawakuwa na ruhusa ya kuvuta upya. Ruhusa ya kuiona ripoti na ruhusa ya kujenga juu ya data yake ni vitu viwili. Excel iliwaambia hivyo kwa ujumbe mrefu wa Kiingereza, na kila mmoja, kwa ushahidi wake mwenyewe, aliufunga bila kuusoma.

Kisha lile la Ramadhani. Mkubwa hulala akichelewa, na saa nane usiku alikuwa akifungua simu kutazama kadi niliyoiandika Leo. Kila usiku inamwonyesha jana. Nilimwona mzushi mpaka nilipokaa macho nikaliona mwenyewe. Power BI ya mtandaoni huhesabu leo kwa saa za dunia, UTC, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo tarehe yake haigeuki mpaka saa tisa usiku wetu. Nikaongeza saa tatu kwenye fomyula. Nilipomweleza akacheka akasema basi ana siku tatu: inayoanza magharibi kwa ajili ya funga, inayoanza saa sita usiku kwa ajili ya benki, na inayoanza saa tisa kwa ajili ya Maalim.

Ritifaa yenyewe niliitibu namna mbili. Kwanza niliongeza hatua kwenye Power Query inayoigeuza 8217 kuwa 39 popote itakapoikuta. Hiyo ni bandeji. Dawa ni kuacha kuunganisha kwa majina kabisa. Majina ya kwetu yanavuka bahari: kuna Michenzani ya mjini Unguja na Michenzani ya Mkoani, na siku tutakapopata kituo Ng'ombeni ritifaa itatusubiri pale pale. Kila shehia sasa ina namba yake, karani anaichagua kwenye orodha inayoshuka ndani ya seli, jina linabaki kwa ajili ya macho ya watu.

Na ule mstari mtupu nimeurudisha. Nimeupa jina, Haijulikani, nimeupaka rangi nyekundu, nimeuweka juu ya wilaya zote. Pembeni nimeweka tarehe ya mwisho ya kupimwa mwani kwa kila kituo. Ile ya kurifreshi simwonyeshi mtu tena. Mkubwa alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya pili akawa ndiye wa kwanza kuutazama.

Juzi akanipigia kabla sijafika ofisini. "Maalim, kuna kilo 48 Haijulikani. Za nani?" Nilidhani haiwezekani, orodha ile ya kushuka haimruhusu mtu kuandika lake. Nilisahau kwamba inamzuia mwandishi tu. Anayebandika inampisha. Nikampigia Bi Karani.

"Za yule bibi wa kamba za mwisho kule," akasema. "Kahama, yuko Tumbe sasa, kwa mwanawe. Namba yake mpya sijaletewa, nami sikutaka kilo zake zipotee."

Nikafungua faili. Safu ya shehia, mstari wa 212, amebandika: Tumbe, kwa mwanawe.